Mtoto Si Mali ya Kugawana

Mume na mke wanapofikia hatua ya kutengana, vitu vingi hugawanywa. Nyumba hukadiriwa thamani, shamba hupimwa, ng'ombe huhesabiwa, hata vitanda na masufuria hupata mwenyewe. Kisha hufika zamu ya watoto, nayo maneno yanayotumika huwa yale yale: "Huyu wangu, yule wako, mkubwa nitamchukua sasa, mdogo nitamfuata akiisha kuacha ziwa." Wasemao hivyo si wote watu wabaya. Wengi wao wawapenda watoto wao kwa dhati. Lakini yatupasa kuuliza, tena kuuliza kwa uzito: je, mtoto naye huingia katika hesabu ya mali? Na kama haingii, basi ni wa nani, na nani mwenye haki ya kusema atalala wapi na atasoma wapi?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Wasomaji wetu waujua msimamo wa Kanisa juu ya talaka, wala hatuna haja ya kuueleza upya kwa kirefu: ndoa halali ya Wakristo waliobatizwa, ikiisha kukamilika, hakuna mwanadamu awezaye kuivunja. Lakini ingekuwa upofu kusema kwamba, kwa kuwa Kanisa halina talaka, basi hakuna nyumba ya Wakatoliki ivunjikayo. Wapo akina mama waliorudi kwa wazazi wao usiku, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Wapo akina baba walioachwa na watoto watatu, asijue mtu hata mahali mke alikokwenda. Watu hawa wana maswali mawili yaendayo pamoja. La kwanza: sheria ya nchi yanitaka nifanye nini? La pili: dhamiri yangu yaniruhusu kufanya nini? Twataka kuyajibu yote mawili leo, maana twaamini ya kuwa mzizi wa majibu yake ni mmoja.

MADAI YA BABA NA MADAI YA MAMA

Baba husema: "Nilitoa mahari. Watoto ni wa ukoo wangu, wana jina langu, watarithi shamba langu." Hoja hiyo si ya kuchekwa. Kwa makabila mengi ya nchi yetu, kama Wachaga, Wahaya, Wasukuma na Wakurya, mtoto huhesabiwa kwa upande wa baba, na ng'ombe wa mahari ndio waliomfunga katika ukoo huo. Mwaka 1963 Serikali ilipoziandika sheria za mila za makabila yafuatayo upande wa baba, mambo hayo yaliandikwa humo. Walakini, mtu akivuka kwenda kwa Waluguru, au Wakaguru, au akishuka kusini kwa Wamwera na Wamakonde, atakuta desturi nyingine: huko mtoto alihesabiwa kwa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti kubwa juu ya malezi yake. Basi asemaye, "Ndivyo mila inavyotaka," ana haki ya kuulizwa: mila ya nani? Maana kama mila peke yake ndiyo ingekata shauri, mtoto wa upande huu wa nchi angekuwa wa baba, na mwenzake wa upande ule angekuwa wa mama, hali watoto wenyewe ni sawa, na machozi yao ni sawa.

Hata hivyo hatutaki kuidharau mila. Twataka kuielewa. Wazee wetu walimhesabu mtoto kuwa wa ukoo kwa sababu ukoo ulikuwa ukimwajibikia. Ukoo ulimpa jina na ardhi ya kulima. Ulimlipia deni alipokosa. Ulimpokea alipofiwa, asije akawa yatima wa njiani. Ng'ombe hawakuwa bei ya mtoto. Walikuwa ushahidi wa mapatano ya koo mbili kwamba mtoto huyo hatakosa watu. Kwa hiyo mwanamume ambaye leo huja na ndugu zake kumchukua mtoto kwa mama yake, akampeleka kijijini kwa bibi kizee asiye na nguvu ya kuchota maji, kisha yeye mwenyewe akarudi mjini kwa mke mwingine, huyo hafuati mila. Ameichukua haki ya mila na kuuacha mzigo wake.

Mama naye husema: "Nilimbeba miezi tisa. Nilimnyonyesha. Huyu ni wangu." Nani atakayembishia juu ya uchungu wake? Lakini uchungu wa kuzaa haukumwandikia hati ya kummiliki mtoto, kama vile ng'ombe hawakumwandikia baba. Mama amfichaye mtoto kwa shangazi katika mkoa wa mbali ili baba asimwone, naye baba hakumtendea mtoto huyo baya lolote, amefanya kosa lile lile la yule baba wa kijijini. Tofauti ni kwamba jirani watamhurumia zaidi.

Kosa lao wote wawili ni moja: wamefikiri ya kuwa mtoto ni kitu, na kwamba kitu hakina budi kuwa na mwenyewe. Mtoto ni mtu. Mtu hamilikiwi na mtu. Wazazi wana haki juu ya mtoto wao, haki kubwa kuliko za watu wengine wote, wala serikali haifai kuzichezea. Lakini ni haki za namna gani? Ni kama funguo anazopewa mtunza ghala. Hakupewa funguo kwa kuwa ghala ni lake. Amepewa ili vilivyomo vikae salama, na siku atakapozitumia funguo hizo kuharibu, atakuwa hana hoja ya kuzishika tena. Haki ya mzazi imetoka katika wajibu wake, nayo haipiti mpaka wa wajibu huo.

SHERIA YASEMAJE

Sasa tutazame sheria ya nchi, kwa maana wengi huiogopa bila kuijua, na wengine huitaja bila kuisoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, yasema kwamba mahakama ikiamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Chini ya hilo yafuata mambo matatu: matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto, kama amefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wazazi hao. Msomaji na autazame vema mpango huo. Mila haikufukuzwa mahakamani. Imepewa kiti, ila si kiti cha mbele. Baba na mama nao wapewa nafasi ya kusema, lakini yale wayatakayo hupimwa kwa mema ya mtoto.

Imeenea imani ya kuwa mtoto akitimiza miaka saba baba anayo haki ya kwenda kumchukua. Sheria haikusema hivyo. Ilichosema ni kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, hudhaniwa kuwa ni heri kwake akae na mama. Na dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Tena hapo hapo yaonya juu ya ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha. Baada ya miaka saba dhana ya kumwelekea mama haipo tena, lakini haikuandikwa mahali pake dhana ya kumwelekea baba. Hurejewa kanuni ile ya kwanza. Basi ndugu wa mume wanaokwenda kumvizia mtoto siku ya kuzaliwa kwake ya saba, hawana sheria mkononi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilizidi kulifafanua jambo hili. Yaitaka mahakama iangalie umri wa mtoto, ikiwa ni wa kiume au wa kike. Iyasikie maoni yake, mradi yametolewa kwa hiari yake na si kwa kufundishwa. Ifikiri kama inafaa ndugu wa tumbo moja wakae pamoja. Tena iangalie yasikatike malezi aliyokwisha kuyazoea. Yasema pia kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla hawajatengana, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi yule mwingine, isipokuwa kama jambo hilo lingemdhuru. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya mwaka 2011. Nasi tukumbuke kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na mkataba huo nao wamlinda mtoto aliyetenganishwa na mzazi wake, apate kuonana naye mara kwa mara.

Angalieni neno hilo: mtoto ana haki ya kumwona mzazi. Sisi tumezoea kusema ya kuwa baba "amepewa ruhusa" ya kuwaona watoto, kana kwamba ni zawadi anayopewa na mama, au ni mshahara wa matunzo aliyoyalipa. Sivyo. Anayenyimwa ni mtoto.

Juu ya njia yenyewe, yafaa wasomaji wajue haya. Atakaye kudai talaka sharti kwanza alipeleke shauri kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mabaraza hayo huwekwa katika kata, na madhehebu ya dini nayo yaweza kuwa na ya kwao yaliyokubaliwa kisheria. Baraza huwaita wote wawili na kuwasikiliza. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu mbele yake. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na pasipo hati hiyo dai la talaka halipokelewi, ila kwa mambo machache, kama vile mwenzi aliyetoroka asijulikane aliko, au aliyeitwa na Baraza akakataa kusudi kufika. Wengi hulichukua Baraza kuwa ni mlango wa kupitia haraka ili kufika mahakamani. Ni hasara. Hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo watu wawili waweza kusemezana bila gharama, na hata wasipopatana kuishi pamoja, waweza kupatana juu ya watoto.

Kuhusu matunzo, sheria haimtazami baba peke yake wala haimsahau. Mahakama ikipanga kiasi cha matunzo huangalia mapato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapokaa. Na amri ya mahakama juu ya mtoto si jiwe. Hali ikibadilika sana, kama vile mzazi kuugua, au kupoteza kazi, au mtoto kuanza kuteswa, yaweza kuombwa ibadilishwe. Kwa hiyo mzazi aliyekosa leo asikate tamaa, naye aliyepata leo asijisahau.

Kuna na jambo la makao. Mama akikabidhiwa watoto wanne bila mahali pa kuwalaza, amekabidhiwa msiba. Zamani mume aliweza kusema, "Nyumba niliijenga kwa mshahara wangu, wewe ulikaa tu." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwamo, ilikata neno katika shauri la Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kufua, kulea, ni mchango unaohesabiwa katika mali waliyoichuma pamoja. Wanaume wengi walinung'unika. Lakini kila mtu aliyepata kumwuguza mtoto mgonjwa usiku kucha, kisha asubuhi akawasha moto wa chai ya watu wengine, ajua kwamba ile haikuwa "kukaa tu."

JE, MKATOLIKI AWEZA KWENDA MAHAKAMANI?

Hapa twafika penye uchungu. Wapo akina mama Wakatoliki wenye kupigwa mpaka kuumizwa, na wanapotaka kutoka huambiwa na ndugu, pengine hata na watu wa kanisani, "Vumilia, Kanisa halina talaka. Vumilia kwa ajili ya watoto." Basi mama huvumilia mpaka siku avumiliapo hapana, akakimbia usiku bila cheti cha ndoa, bila vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bila kumwambia mtu. Na kwa kuwa ameogopa kwamba kwenda mahakamani ni kuomba talaka, na kuomba talaka ni dhambi, hakwendi kokote. Miezi yapita. Watoto wamebaki kule kule penye kipigo, au wamechukuliwa na ukoo, na kila siku ipitayo yaonekana kwamba huko ndiko walikozoea.

Uvumilivu ni fadhila, wala hatutaki kuudhoofisha. Ndoa nyingi zilizo imara leo zilipita katika mwaka mmoja au miwili ya giza, na kama kila ugomvi ungekuwa sababu ya kufunga mizigo, hakuna nyumba ambayo ingesimama. Lakini kuna tofauti kati ya taabu na hatari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye asiyepigwa asiwe mwepesi wa kuhubiri. Watoto waonao mama yao akipigwa kila wiki hawajengwi na uvumilivu wake. Mvulana hujifunza kupiga, msichana hujifunza kupigwa. Sheria ya Ndoa yenyewe yatamka wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumchapa mwenzake.

Na Kanisa lasemaje? Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zasema kwamba mwenzi anayemletea mwenziwe au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, humpa mwenziwe sababu halali ya kutengana naye, kwa amri ya Askofu, au hata kwa uamuzi wake mwenyewe ikiwa kungoja ni hatari. Na sababu ikikoma, maisha ya pamoja yarudishwe. Tena zaagiza kwamba wanapotengana, wakati wote matunzo na malezi ya watoto yapangiwe vizuri. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikwenda mbele akafundisha kwamba kuna nyakati ambapo kutengana huwa ni jambo la lazima hata kimaadili, kwa ajili ya kumlinda mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo. Basi mama anayetoka na watoto wake katika hatari hajavunja ndoa. Aliyeivunjia heshima ni yule aliyemtoa.

Hata kwenda mahakamani si lazima kuwe ni kudai talaka. Sheria yetu ina njia nyingine ambayo Wakatoliki wengi hawaijui, nayo ni amri ya kutengana. Amri hiyo huwaondolea wawili wajibu wa kukaa pamoja, lakini ndoa yao yabaki. Na mahakama yaweza kuamua juu ya matunzo, juu ya mali na juu ya watoto. Kwa Mkristo aaminiye kwamba kifungo chake hakifunguki, njia hii yafaa kufikiriwa kwanza. Na ikiwa talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki zilizo halali, au malezi ya watoto, au urithi wao, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba yaweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili. Karatasi ya mahakama haiondoi Sakramenti. Yagawa mizigo ya nje, si zaidi.

Hofu nyingine mbili na tuziondoe. Aliyetengana au aliyeachwa, asiyeingia katika muungano mwingine, hazuiliwi Sakramenti kwa sababu hiyo peke yake; asikubali kujificha nyuma ya kanisa kama mwenye ukoma. Na kama Mahakama ya Kanisa ikija kutangaza kwamba ndoa fulani tangu mwanzo haikuwa halali, watoto wake hawageuki kuwa wa nje ya ndoa. Kanisa huwahesabu kuwa watoto halali wale waliozaliwa katika ndoa ambayo angalau mmoja wa wawili aliifunga akiamini kwa moyo mweupe kuwa ni halali. Wazazi wawaambie hivyo waziwazi, wasije wakasikia kinyume chake shuleni.

SILAHA ISIYOFAA KUSHIKWA

Ikiwa kwenda mahakamani kwa ajili ya mtoto si dhambi, dhambi iko wapi basi? Iko katika kumfanya mtoto kuwa silaha. Na silaha hii yashikwa na watu ambao wasingethubutu kushika panga.

Baba husema, "Sitatoa senti mpaka mama yao arudi." Ametaka kumwadhibu mke, lakini mke hali ada ya shule, anayefukuzwa darasani ni mtoto. Baba mwingine hutoa, ila huzitoa mkononi mwa mtoto ili mtoto aone nani mwenye fedha. Mama husema, "Hakutuma kitu mwezi huu, basi Jumapili hamwoni." Amechanganya madeni mawili: fedha ni deni la baba kwa mtoto, na kuonana ni deni la wazazi wote kwa mtoto, kutolipwa la kwanza hakufuti la pili. Au tena, mtoto wa miaka tisa aulizwa mbele ya ukoo mzima, "Sema mwenyewe, wampenda nani?" Swali hilo ni ukatili. Mtoto huyo atakapojibu, atakuwa amemsaliti mmoja. Na atakaponyamaza, atakuwa amewasaliti wote wawili. Kuna mahali pa kuyasikia maoni yake, kwa upole, na Afisa Ustawi wa Jamii au hakimu faraghani. Si ugani.

Silaha mbaya kupita zote ni ulimi. "Baba yako ni mlevi." "Mama yako ni malaya." Hata kama ni kweli, mtoto hujijua kuwa ni nusu ya huyu na nusu ya yule; ukiitukana nusu moja, umemtukana yeye. Papa Fransisko, katika waraka ule ule, aliwasihi wazazi waliotengana wasiwafanye watoto kuwa mateka, wala wasimsimange mwenzi wao mbele yao. Ni agizo gumu kwa mtu aliyeumizwa. Hatudai kwamba aliyeumizwa aseme uongo wa sifa. Twaomba anyamaze penye masikio ya mtoto, akaseme kwa paroko, kwa rafiki, au kwa wakili.

Kwa wale waliomo katika jambo hili leo, tuseme na mambo madogo ya mikono. Wekeni mahali salama cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Matunzo na yatumwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, kama benki au simu, na stakabadhi za ada zitunzwe. Hiyo humlinda mtoaji na mpokeaji. Mkipatana juu ya likizo na Jumapili, andikeni, mtie sahihi mbele ya watu wawili. Asiye na uwezo wa wakili asidhani kwamba mlango umefungwa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada wa sheria na wasaidizi wa kisheria, na Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya ipo kwa kazi hiyo. Na mtoto asihamishwe shule katikati ya muhula kwa sababu ya hasira ya watu wazima.

Jumuiya zetu nazo zina sehemu yao. Twawaomba wazee wa kanisa na akina mama wa WAWATA, nyumba inapopasuka, wasiulize kwanza, "Nani mkosaji?" Waulize, "Watoto wamekula wapi leo?" Swali la kwanza lina mahakama zake, ya nchi na ya Kanisa. La pili haliwezi kungoja.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme twasoma juu ya wanawake wawili waliokuja kwa Sulemani, kila mmoja akidai mtoto mmoja. Mfalme alipoagiza mtoto akatwe vipande viwili, mama wa kweli akasema heri apewe yule mwingine, mradi aishi. Hadithi hii hutajwa mara nyingi ili kumwambia mzazi mmoja, na kwa kawaida ni yule mnyonge, aache madai yake kwa upendo. Lakini tuisome mpaka mwisho. Mfalme hakumsifu mama yule kisha akamwacha aende mikono mitupu. Alimpa mtoto. Aliona kwamba aliye tayari kupoteza haki yake ili mtoto aishi, huyo ndiye anayefaa kukabidhiwa. Kwa wazazi, basi, fundisho ni kujiuliza: ningeweza kuyaacha madai yangu, kama mema ya mwanangu yangetaka hivyo? Na kwa mahakimu, wazee wa ukoo, wajumbe wa mabaraza, nasi mapadre, fundisho ni jingine, nalo ni zito zaidi: tusimwombe mwenye upendo anyamaze ili sisi tupate amani. Kazi yetu ni kuutambua upendo huo, na kumkabidhi mtoto palipo nao.